Mapumziko ya Edith

Bologna, Italia
4 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nyuma ya nyumba, pale ambapo upepo wa milima ya Mbizi haufiki, umevaa koti lile la sufu ambalo Mama, Mungu amrehemu, alitaka kulichoma moto.

Baba, Jumapili zote za mwezi uliopita nimepiga simu. Kila mara anapokea Hellena, binti wa jirani. Mara umelala, mara umekwenda Jumuiya, mara eti umegombana na simu. Mtu anagombanaje na simu? Nimemuuliza mdogo wangu Victor, naye ananijibu kama wakili: "Mzee yupo, dada, anakusalimu." Najua yupo. Nataka kumsikia.

Huku ni joto la kuchemsha ubongo. Wazee ninaowatunza tunawanywesha maji kila wakati kama miche ya bustani. Yupo bibi mmoja anayeniita Adelina, jina la binti yake aliyeko Argentina. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha. Siku hizi naitika tu.

Habari njema ni kwamba nimepata siku za mapumziko. Tarehe kumi na tano, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, nchi hii yote hufunga milango na kukimbilia baharini. Na mimi nitapanda treni niende Rimini, mji wa pwani. Nitakuandikia kila kitu, kama ulivyoagiza.

Halafu nawaza kuja nyumbani Krismasi. Unasemaje?

Wako mtiifu,
Edith

*

Pito, Sumbawanga
9 Agosti 2024

Mwanangu Edith,

Marahaba. Koti bado lipo na mimi bado nimo ndani yake.

Simu ni chombo cha watu wenye haraka. Nimefundisha watoto wa watu kuandika insha karibu maisha yangu yote, sasa niache na mimi nifaidi nilichofundisha. Naandika karatasi, Hellena binti Masanja anaipiga picha na kukutumia. Utamvumilia, kila picha ina kidole gumba chake. Nimemwambia kwamba zamani mpiga picha alikuwa anajificha ndani ya kitambaa cheusi. Akanijibu, "Mwalimu, na wewe zamani ulikuwa unaomba uji bila kuandika barua." Wasukuma hawa hawana adabu, lakini uji wao ni mzuri.

Ulezi umeshapurwa. Victor alipanda kutoka Mtowisa na gunia la mchele, akalala hapa siku kadhaa, akawa anasema joto la bondeni limemzeesha na mbu wamemaliza damu yake. Baba yako mdogo Tadei naye alipita. Aliuliza, "Yule wa kwanza anarudi lini?" Nikamjibu kwamba wa kwanza ana kazi.

Kuhusu Krismasi: usije. Desemba mvua ni nyingi, safari ni ndefu, na utazimalizia siku zako zote ndani ya basi la Tunduma. Una nchi nzima ya kutazama. Nenda Roma ukasali. Nenda ukaone theluji. Mtu anayefanya kazi ugenini asipotembea siku zake za mapumziko, amehama kutoka jembe moja kwenda jembe jingine tu.

Nenda Rimini. Uniandikie maji yana rangi gani, watu wanakula nini, na wewe ulikaa wapi. Usiruke kitu.

Baba yako,
Fabiani

*

Bologna
18 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimerudi, na mchanga bado umo kwenye viatu!

Treni ilijaa watu waliobeba miavuli na watoto. Ufukweni wanakodisha viti, navyo vimepangwa kwa mistari iliyonyooka hadi mtu anachoka kutazama, kama matuta yetu mwezi wa tatu. Kila familia na tuta lake. Wazungu wamelala juu yake wanaiva upande mmoja, kisha wanageuka. Mzee mmoja jirani yangu aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Sumbawanga. Akajaribu kulitamka, mkewe akacheka, akajaribu tena, mwisho akasema, "Basi, Afrika," akaninunulia aisikrimu kwa kushindwa.

Maji ni ya kijani karibu na nchi, halafu bluu. Nilikula samaki wadogo wa kukaanga, unawatafuna na mifupa yao. Jioni nilibaki peke yangu kwenye kiti. Jua likashuka polepole, likazama baharini, maji yote yakawa mekundu, na watu wakanyamaza kama wakati wa kugeuza mkate altareni. Nilikukumbuka sana.

Nimefurahi, Baba. Nimepumzika vizuri.

Kuhusu Krismasi hatujamaliza. Na simu vilevile hatujamaliza.

Edith

*

Pito
25 Agosti 2024

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako, kisha nikamwomba Hellena anisomee kwa sauti. Alipofika kwa yule mzee wa aisikrimu, Masanja aliyekuwa mlangoni alicheka hadi kofia ikadondoka.

Swali moja, la ualimu tu. Ulipokuwa unalitazama jua likizama, ulikaa umeelekea wapi?

Utanisamehe mwandiko. Ni baridi.

Usije Krismasi. Naomba tusirudi tena kwenye jambo hilo.

Fabiani

*

Bologna
1 Septemba 2024

Hellena mdogo wangu,

Salamu kwa Mzee Masanja na watoto. Barua hii ni yako, si ya Baba. Isome peke yako.

Nimeikuza picha ya barua ya mwisho. Kidole chako kipo, nimekizoea. Lakini upande wa kulia, juu ya kitambaa cha meza, kuna bomba la sindano, kubwa, lisilo na sindano, lenye ukungu wa kitu cheupe ndani. Hellena, mimi nashika bomba kama hilo asubuhi, mchana na jioni. Ndiyo kazi yangu. Bomba hilo halichomi dawa. Linamlisha mtu asiyeweza kumeza.

Nani hawezi kumeza katika nyumba ya baba yangu?

Na mwandiko huo si wa baridi. Herufi zinashuka chini kuelekea mwisho wa mstari. Hivyo huandika mtu aliyelala.

Usiniambie amekwenda Jumuiya.

Dada yako,
Edith

*

Pito
3 Septemba 2024

Dada Edith,

Shikamoo dada. Mimi mzima, watoto wazima, baba mzima ila ng'ombe wake mmoja amevunjika mguu na anaomboleza kuliko ng'ombe mwenyewe.

Dada, umeniweka pabaya. Niliapishwa kwa rozari ya marehemu mama yako. Victor naye aliapishwa kwa rozari hiyohiyo. Kwa hiyo mimi sisemi kitu. Ukiniuliza mgonjwa ni nani, sisemi. Naweza kukwambia kazi zangu tu, kwa sababu kazi zangu sikuapishwa. Asubuhi napika uji wa ulezi mwepesi, nauchuja kwa kitambaa mara mbili usiwe na hata punje. Nachemsha maziwa, nayapoza. Nafua mashuka. Mwalimu akitaka kitu anagonga kikombe kwa kijiko, na mimi nakuja.

Nimesema nakuja nikisikia kijiko. Sikusema kitu kingine.

Jana niliingia na simu yenye barua yako mkononi, akaona uso wangu. Akaandika kwenye kidaftari chake, "Amejua?" Nikamwambia, "Mwalimu, sisi Wasukuma hata ng'ombe tunawaficha vibaya. Mwenye kichwa kama chako angetafuta Mfipa mwenzake wa kufichia siri." Hakucheka. Akaandika, "Nitamwandikia mwenyewe."

Msubiri, dada. Lakini usisubiri sana.

Hellena

*

Pito
8 Septemba 2024

Edith mwanangu,

Barua hii nimeiandika kwa siku kadhaa, kidogo kidogo. Ukiona wino umebadilika usishangae.

Nina saratani ya koo. Imejulikana tangu kabla ya Pasaka. Sauti ilianza kukwaruza, nikasema ni vumbi la chaki lililonisubiri uzeeni. Kisha ikaondoka kabisa. Siongei, na kwa muda sasa nakula kwa mrija. Daktari aliponieleza nilimwandikia swali kwenye karatasi: je, nitaziona mvua? Alitazama dirishani. Nikamshukuru kwa uaminifu wake.

Ndiyo sababu ya kugombana na simu. Ungesikia pumzi tu.

Niliwaapisha wote. Hata Padre nilimsihi asinitaje kwenye matangazo ya wagonjwa, kwa kuwa siku hizi matangazo ya parokia yanasomwa kwenye simu hadi Ulaya. Mpango wangu ulikuwa huu, na nauandika kama ulivyo bila kuupamba: nife, nizikwe, kisha Victor akupigie. Nimekaa mezani nikapanga kumnyima mtoto wangu maziko ya baba yake. Nilipokuwa mkuu wa shule, ningemsikia mzazi anasema hivyo ningemwita ofisini.

Sasa sikiliza sababu. Unaijua kwa maneno tu desturi ya ukoo wetu, hujaiona ikitendeka, maana mimi ndiye wa mwisho kuibeba. Mtoto wa kwanza akiwepo mazishini, awe wa kiume au wa kike, wazee humkabidhi jembe la marehemu palepale kaburini, mbele ya watu. Akilipokea, haondoki. Atafukia majani kwenye matuta ya baba yake, atayafumua matuta hayo majani yakioza, atapanda, na atangoja mpaka ulezi uvunwe. Asipokuwepo, jembe huenda kwa anayefuata na hakuna lawama. Lakini akiwepo akakataa? Hakuna aliyewahi kukataa. Ungeweza wewe, na udongo wa kaburi bado mbichi, na Tadei amekunyooshea jembe, na kina mama wanalia? Mimi sikuweza.

Mwaka 1975 nilikuwa Bulgaria, nasoma jiografia. Hilo unalijua. Huwa nawaambia kwamba nilirudi kwa sababu nilipapenda nyumbani. Nilirudi kwa sababu ya simu ya maandishi. Nikamzika baba yangu, nikapewa jembe, nikafukia majani. Chuo kilinisubiri kidogo, kisha nafasi yangu akapewa mwingine. Ulezi ulivunwa. Halafu akaja mama yako, nikaenda kufundisha Mtowisa, mkazaliwa ninyi. Siyajutii.

Hapana. Mtu anayekaribia kufa hapaswi kuacha sentensi kama hiyo bila kuisahihisha. Mama yako simjutii, wala ninyi, wala shule. Jembe nalijutia. Nimelijutia kila mwaka mvua zikinyesha, na sikumwambia mtu, hata kwenye kitubio, maana sikujua ningeiita dhambi gani.

Ugenini kule, siku zetu za mapumziko, tulikuwa tunapanda treni kwenda Varna, kwenye Bahari Nyeusi. Hatukuwa na kitu. Tulikula mkate na zabibu, tukalala stesheni. Edith, hizo ndizo siku pekee maishani mwangu ambazo sikuwa mtoto wa fulani, wala mwalimu, wala baba. Nilikuwa mtu aliyekaa mchangani. Ulipopata kazi Italia nikasema moyoni, sasa mmoja wetu atakaa. Kila nilipokwambia "andika, usiruke kitu," sikuwa nataka habari zako. Nilikuwa najitafutia zangu. Nilikula mapumziko yako kama mtu anayekula sahani ya mtoto wake na kumwambia ashibe.

Na hapa lazima niseme jambo jingine. Jioni yangu ya kwanza Varna nilikaa nimeelekea majini, nikingoja jua lizame baharini kama kwenye picha za kadi. Nikangoja, nikangoja, mpaka nikaona kivuli changu mwenyewe kinaingia majini. Jua lilikuwa linazama nyuma yangu, juu ya mapaa ya hoteli. Mwenzangu mmoja kutoka Ghana alicheka hadi akalala chini: "Mwanajiografia! Bahari iko mashariki!"

Rimini nayo iko pwani ya mashariki. Nilifungua atlasi, ingawa sikuwa na haja. Jua halikuzama baharini, mwanangu. Hukwenda Rimini. Ulikuwa wapi sijui, na kwa niliyoyatenda sina uso wa kukuuliza.

Sasa unajua yote. Kaa huko. Nisamehe ukiweza, ukiwa hukohuko.

Baba yako,
Fabiani

*

Bologna
10 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za jikoni, nimekaa hapo mpaka mpishi akanifukuza.

Nimekasirika. Naandika nikiwa nimekasirika, na sitaisubiri hasira iishe kwa sababu ni wewe uliyeniambia muda haupo.

Sikwenda Rimini. Tarehe kumi na tano nilikuwa kazini, na kesho yake, na siku zote zilizofuata. Wenzangu wote walitaka kwenda baharini, nikawaambia nendeni, nitashika zamu zenu, mtanirudishia Desemba. Jua lile ni la Donatella, mwenzangu wa zamu. Alikwenda pwani ya magharibi, akaniletea picha na maneno yote, hadi mzee wa aisikrimu. Mimi niliongeza Sumbawanga tu. Kabla ya hapo nilikuandikia kuhusu Venezia, na ziwa la milimani. Sijafika, Baba. Tangu mwaka jana siku zangu za mapumziko ninazitunza. Nilikuwa nazikusanya ili nije nikae nawe muda mrefu, kwenye baridi hiyo, nikae tu.

Unaelewa tulichofanya? Wewe umejificha ili nipumzike. Mimi sikupumzika ili nije kwako. Na nilipouliza kuhusu Krismasi ukaniambia tusirudi kwenye jambo hilo, nikalia, nikidhani umenichoka.

Nafuta wazee wa watu midomo. Yule bibi wangu alifariki wiki iliyopita, nimemshika mkono mimi, akaniita Adelina, nikaitika. Nimeitika kwa niaba ya binti asiye wangu. Wewe ungemwachia nani aitike?

Kuhusu jembe: umeeleza vizuri sana, kama kawaida yako, utangulizi, kiini na hitimisho. Lakini hakuna mahali popote ulipoandika swali. Wazee wako hawakukuuliza. Na wewe hukuniuliza. Wao walikulazimisha kubaki, wewe unanilazimisha kukaa mbali. Mimi sioni tofauti kubwa.

Nimemwona sista mkuu wa nyumba yetu ya wazee. Siku zangu za Desemba zinasogezwa. Nakuja.

Edith

*

Pito
12 Septemba 2024

Edith,

Nakukataza kuja. Nakukataza kama baba. Tadei anakuja hapa kila jioni sasa, anakaa, anatazama jembe kwenye dari, ananitazama mimi. Ukikanyaga hapa nikafa ukiwepo, wamekushika, na kila nilichokificha kitakuwa kazi bure.

Nimemaliza.

Fabiani

*

Pito
13 Septemba 2024

Edith,

Puuza barua ya jana.

Jana usiku nilikohoa, mrija ukatoka, nikadhani ndiyo mwisho. Hellena alikuwa ameshika kichwa changu, analia Kisukuma. Nami nilichokuwa nawaza si jembe. Nilikuwa nataka uwe umefungua mlango.

Njoo. Mimi nitajitahidi kwa upande wangu.

Baba

*

Songwe, uwanja wa ndege
18 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Nimeshuka. Victor yuko hapa na gari la rafiki yake, gurudumu moja halina imani. Anasema tukiondoka sasa tutafika kabla ya giza. Ameninong'oneza kama mwizi: "Dada, unisamehe, niliapishwa." Nimempiga kofi la begani, tumecheka, kisha tumelia, watu wa mizigo wakatuzunguka.

Hellena, msomee Baba hii. Mwambie asiandike kitu cha kunijibu. Apumzike mkono.

Edith

*

Pito, chumbani
22 Septemba 2024

Edith mwanangu,

Nakuandikia ukiwa umekaa mbele yangu unamenya viazi na kujifanya hunitazami. Ningekuwa na sauti ningesema. Lakini huenda ni vizuri, maana nikisema ungenikatiza.

Tangu ulipoingia hatujaongea juu ya jembe. Umenibadilisha shuka, umemfundisha Hellena namna ya kunilaza ili nisikohoe, umemkaripia Victor kwa kuvuta sigara dirishani kwangu. Usiku nasikia mnacheka jikoni. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba hii ina sauti hiyo.

Jana ulipokwenda kisimani, Tadei alikaa hapo ulipokaa sasa. Alisema, "Kaka, umefanya vema kumwita. Mtoto wa kwanza ameonekana. Sasa unaweza kwenda kwa amani." Nikaandika kwenye kidaftari, "Sijamwita kwa ajili ya jembe." Akasoma, akatabasamu: "Hakuna anayeitwa kwa ajili ya jembe. Jembe ndilo linaloita." Unamjua. Anapenda maneno yanayofunga mlango.

Nikaandika tena: "Nikilitoa mwenyewe nikiwa hai?" Akasimama. Akasema jembe la mtu aliye hai halirithiwi, ni kumchimbia mtu kaburi anakuona. Akasema ukoo utacheka. Akasema baba yetu atageuka alipo. Nikamwandikia kwamba baba yetu amelala vibaya tangu 1975, kugeuka kutamsaidia. Alikasirika, akaondoka bila kuaga, akarudi kuchukua fimbo yake, akaondoka tena bila kuaga.

Kesho asubuhi wazee wanakuja, nimewaita mimi. Hellena ameshalishusha jembe na kulifuta masizi. Nitalitoa kwa mkono wangu, mbele yao, nikiwa nawatazama, na nitaandika kwa herufi kubwa ili Tadei asiseme hakuvaa miwani. Litakuwa limetoka. Siku ya kaburi hakutakuwa na jembe la kumnyooshea mtu.

Victor analitaka. Ameniambia mwenyewe, na hata asingeniambia, nimemwona anavyoshika udongo wa hapa akija kutoka bondeni, anaufinya kama mtu anayesalimia. Lakini wa kwanza ni wewe. Haki ya kwanza ni yako, na nilikuwa nimeiamua bila wewe, mara ya kwanza kwa kukuficha na mara ya pili kwa kukukataza.

Kwa hiyo nauliza. Nimezeeka katika kuuliza maswali ambayo majibu yake nayajua. Hili silijui.

Unalitaka jembe langu, Edith?

Jibu hapa chini. Usilie juu ya karatasi, sina nyingine.

Baba yako,
Fabiani

*

Baba,

Silitaki. Mpe Victor, yeye anaujua udongo, mimi namjua mgonjwa.

Nilitaka kuulizwa tu. Nimeulizwa, na moyo wangu umetulia kabisa.

Kesho nitakaa karibu yako wazee wakija. Baba mdogo Tadei akinuna, nitampa kiti kizuri na uji wa Hellena, na akiuliza kwa nini mtoto wa kwanza hashiki jembe, nitamwambia ukweli. Huyu mtoto wa kwanza anafanya kazi mbali, na sasa amepata likizo, na amechagua kuja kuitumia hapa, kwenye baridi hii, pembeni ya kitanda hiki, kwa hiari yake.

Sasa weka kalamu chini. Viazi vimeiva, Hellena anaita, lakini siendi. Niko mapumzikoni. Nipe mkono.

Edith